Maua ya mapichi na matofaa usiku wa sakitu: moto, maji, feni au kalenda?

Ua la tofaa lililokwisha kufunguka likikaa nusu saa kwenye nyuzi joto hasi 2.2 za Selsiasi, karibu ua moja katika kila kumi hufa. Likikaa nusu saa hiyohiyo kwenye hasi 3.9, hufa tisa katika kumi. Kati ya hasara ya kuvumilika na msimu uliokwisha pana nyuzi joto 1.7 tu. Kwa pichi ni hasi 2.8 na hasi 4.4, mwanya uleule mwembamba.

Naanza na tarakimu hizo kwa sababu kila njia ya kukinga maua nitakayoitaja hapa naipima kwa swali moja: inanipa nyuzi ngapi, na inataka nini kutoka kwangu? Ukiuliza hivyo, mabishano ya kijiweni kuhusu moshi, matairi na mapipa ya maji huisha mapema.

Nazungumzia nyanda za juu kusini: Njombe, Makete, sehemu za Mufindi, kule ambako mwezi wa saba unaamka ukakuta majani meupe na maji ya kuku yameganda bakulini. Vitabu huita sakitu, wenzetu wa Kenya husema jalidi, sisi wengi tunasema tu barafu imepiga. Mpichi hauna subira, huanza kuchanua Julai usiku ukiwa bado mkali. Mtofaa usiopogolewa mapema hufuata, Agosti na Septemba. Parachichi la Hass, ambalo ndiyo fedha ya Njombe siku hizi, ni laini kuliko yote mawili, nalo nitaligusa kidogo mbele.

Baridi yetu huzaliwa hapahapa

Baridi inayoua maua ni ya namna mbili. Ya kwanza huja na upepo: hewa iliyoganda huko mbali husafiri na kulifunika eneo zima, chini mpaka juu. Hiyo ni ya nchi za kaskazini, na karibu hakuna cha bei nafuu kinachoizuia. Ya pili ndiyo yetu. Anga liko wazi, nyota zimejaa, upepo umelala, hewa kavu. Ardhi na majani yanatupa joto lake angani bila kizuizi. Hewa inayogusa ardhi inapoa, inakuwa nzito, inabaki chini. Juu yake, kwenye mita 10 mpaka 15 hivi, inabaki hewa yenye uvuguvugu kidogo, kama dari la nyumba.

Ndiyo maana ile siku ya ukungu na manyunyu ya Juni, mnayoshinda jikoni mkiota moto, haina sakitu. Wingu ni blanketi. Siku ya kuogopa ni ile nzuri: mchana jua kali, jioni anga limetakata, na moshi wa jikoni unapanda wima bila kuyumba. Ukiuona moshi umepanda kidogo kisha ukatandaa kama mkeka, umeliona dari lenyewe kwa macho.

Hewa hiyo nzito hutiririka mteremkoni kama uji, polepole, na kujaa mabondeni. Shamba la vinyungu, yaani bustani za bondeni tunazozipenda kwa mboga za kiangazi, ndilo bakuli linalokinga uji huo. Niliwahi kutundika vipimajoto viwili usiku mmoja, kimoja mgongoni mwa kilima na kingine bondeni, umbali wa hatua kama mia mbili. Asubuhi vilitofautiana nyuzi 3. Yaani uamuzi wa mahali pa kuchimba shimo la mche ulikuwa umeshakupa au kukunyang'anya nyuzi 3 kabla hujanunua kitu chochote. Kama bado hujapanda, acha kusoma hapa, nenda ukapande mapichi mteremkoni, katikati ya kilima, na miti iliyoshonana isiwepo upande wa chini. Safu nene ya misindano au miwati chini ya shamba hufanya kazi ya bwawa: uji unagota pale na kurudi nyuma juu ya maua yako. Fungua mlango katika safu hiyo, hata wa mita chache, uone.

Wengi wetu tumeshapanda, basi tuendelee.

Kwanza tumalizane na moshi

Mzee mmoja jirani yangu kila Julai huchoma majani mabichi pembezoni mwa shamba lake. Nilimpitia alfajiri moja macho yakiniwasha.

"Kamwene baba. Moshi wote huu?"

"Unafunika maua, mwanangu. Kama blanketi."

Sikumbishia, kwa sababu wazo lake lina mantiki: wingu hukinga, moshi unafanana na wingu, basi moshi unakinga. Ila chembe za moshi ni ndogo mno. Joto linalotoka ardhini usiku ni mawimbi marefu kuliko chembe zenyewe, hivyo yanapita katikati yake kama dagaa katika wavu wa sangara. Matone ya ukungu ni makubwa vya kutosha kuyazuia, ya moshi hapana. Kibaya zaidi, moshi hukaa mpaka asubuhi na kuzuia jua, ambalo ndilo lilikuwa linakuja kukuokoa. Anayechoma matairi anaongeza sumu kwa watoto wake juu ya hasara hiyo.

Kilichomsaidia mzee, kama kuna usiku kilimsaidia, ni moto uliokuwa chini ya majani yale.

Ardhi tupu yenye maji: nyuzi 1 mpaka 2, karibu bure

Njia hii haina sura ya kishujaa, hakuna anayepiga nayo picha, lakini ndiyo ninayoiweka mbele ya zote zinazohitaji fedha.

Udongo ni betri. Mchana unachaji kwa jua, usiku unatoa. Betri hiyo inafanya kazi vizuri ukiwa mtupu, umeshikamana na una unyevu, maana maji hubeba joto na kulishusha chini zaidi kuliko hewa iliyomo kwenye udongo mkavu uliotifuliwa. Kwa hiyo: nyasi chini ya miti zifyekwe mpaka usawa wa ardhi, usilime wala kutifua wiki za baridi, na mwagilia siku moja au mbili kabla ya usiku unaouogopa, kiasi cha kulowesha sentimita 30 za juu. Mwagilia asubuhi ili jua lipate mchana mzima wa kuupasha huo udongo. Ukimwagilia jioni umeweka maji baridi kwenye betri tupu.

Hapa ndipo ninapogombana na bwana shamba. Yeye anasema weka matandazo, mimi nasema yaondoe, na wote tuna haki. Matandazo hutunza unyevu wakati wa kiangazi chetu kirefu, lakini usiku wa sakitu yanakuwa godoro kati ya ardhi na maua: joto linabaki chini kwenye mizizi, ambayo haina shida, na ua linaganda juu. Mimi hukusanya matandazo mwanzoni mwa Julai nikayalaza kama tuta katikati ya mistari, kisha nayarudisha matunda yakishashika. Ni kazi ya siku mbili kwa ekari moja, watu wawili.

Moto: mingi na midogo

Moto unafanya kazi kweli. Kule Ufaransa wenye mizabibu na matunda huwasha mishumaa mikubwa ya nta katika makopo, 300 mpaka 500 kwa hekta, na picha zake huwa nzuri kama sikukuu. Kwa ekari moja hiyo ni makopo 120 mpaka 200. Faida yake ni nyuzi 2 hadi 3, ikitegemea dari la uvuguvugu liko karibu kiasi gani.

Siri iko kwenye udogo. Moto mkubwa hupandisha hewa kwa nguvu mpaka inatoboa dari na kutoroka, na nafasi yake inajazwa na hewa baridi iliyovutwa kutoka pembeni. Umelipa kuni zako kupasha nyota. Moto mdogo hupandisha hewa mita chache, inagonga dari, inarudi chini na kuzunguka palepale shambani. Kumi midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa wa kuni zilezile, na pembezoni mwa shamba weka mingi zaidi kuliko katikati, hasa upande baridi inakoingilia.

Nta hatuna, ila tuna maranda. Kutoka Mafinga mpaka Njombe mashine za mbao zimeyaacha kama vilima, na jiko la maranda tunalijua tangu utotoni: chukua debe au kopo kubwa la rangi, toboa tundu ubavuni chini, simamisha chupa katikati, shindilia maranda makavu kuizunguka, kisha chomoa chupa taratibu. Linawaka kutoka ndani kwenda nje kwa saa kadhaa bila kuguswa. Ukadirie vizuri: kwa uzito uleule, maranda yana kama theluthi ya joto la nta au mafuta ya taa. Debe lako si mshumaa wa Mfaransa, hivyo usipange 120 kwa ekari ukatarajia muujiza. Panga zaidi, au kubali nyuzi moja na nusu.

Kinachochosha katika moto ni binadamu. Debe 150 zinawashwa na nani saa tisa usiku, kwa mpangilio, kabla kipimajoto hakijafika hasi 1? Watu wanne wenye vienge vya mafuta wanaweza. Mtu mmoja hawezi, atakuwa anawasha la tisini maua yameshaganda. Na baridi mara nyingi hurudi usiku wa pili na wa tatu mfululizo, wakati madebe ni matupu na vijana wamelala fofofo. Familia yangu ilivumilia usiku mmoja, wa pili niliwasha na mke wangu tu, wa tatu nilibaki na mbwa.

Maji juu ya maua: njia yenye nguvu kuliko zote, na ya kuogopwa kuliko zote

Kumwagia maua maji usiku wa kuganda kunasikika kama wazimu. Sababu yake ni hii: maji yanapogeuka barafu hutoa joto, kalori 80 kwa kila gramu. Ukiendelea kunyunyiza, maji mapya yanaganda juu ya barafu ya zamani, joto linatoka mfululizo, na ua lililo ndani ya ganda hilo linabaki kwenye sifuri, halishuki. Shamba linafanana na duka la vioo, maua yamo ndani mazima. Kwa hewa tulivu njia hii inavusha mpaka kama hasi 4 kwa mnyunyizo wa kawaida. Hakuna nyingine hapa inayofika huko.

Sasa upande wa pili wa sarafu. Maji yakikauka kuwa mvuke yananyonya joto, takribani mara saba na nusu ya lile linalotolewa na kiasi hichohicho kikiganda. Ina maana kwa kila lita inayokauka unahitaji lita saba na nusu zigande ili tu usipoteze. Ukinyunyiza kidogo, au mashine ikizimika katikati, ua lililolowa linashuka kuliko la jirani ambaye hakufanya chochote. Hii ndiyo njia pekee hapa ambayo ukiifanya nusunusu inaua zaidi ya kukaa kitandani.

Hesabu ya maji ifanye kabla ya kununua hata bomba moja. Kiwango cha chini cha kufikiria ni milimita 3 kwa saa. Kwa ekari moja ni kama lita 12,000 kila saa. Ukianza saa nane usiku ukamaliza saa mbili asubuhi, ni zaidi ya lita 72,000, usiku mmoja. Lile tangi jeusi la lita 5,000 lililoko kwako linakwisha kwa dakika 25. Vichwa vya kunyunyizia viwe vinazunguka mzunguko mzima ndani ya dakika moja au chini yake, la sivyo barafu inapoa kabla maji hayajarudi. Mabomba ya matone hayana msaada hapa.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: pampu nyingi mpya vijijini ni za sola. Saa kumi usiku jua halipo. Utahitaji pampu ya petroli au ya dizeli, na ya akiba pembeni, au uwe na maji ya mserereko. Hawa wa mserereko ndio wenye bahati nyanda za juu. Ukiwa na kijito au bwawa lililo juu ya shamba kwa mita 25 hadi 30 za kimo, unapata presha ya kama baa 2.5 mpaka 3 bila kuchoma tone la mafuta, na maji hayalali. Kama kimo chako ni mita 10, una baa 1 tu, nayo haizungushi kichwa cha kunyunyizia ipasavyo. Pima kimo kwanza, bomba baadaye, na kumbuka bomba jembamba la mbali hula sehemu ya presha njiani.

Lini uanze? Hewa yetu ya Julai ni kavu, na kipimajoto cha kawaida kinadanganya. Chukua vipimajoto viwili, kimoja kizungushie kitambaa chepesi kilicholowa maji kwenye balbu yake na kipepee. Kile chenye kitambaa kitasoma chini zaidi, na ndicho ua lililolowa litakachokisikia mwanzoni. Anza kabla cha kitambaa hakijafika sifuri. Usizime jua linapochomoza. Subiri barafu ianze kudondoka yenyewe na kipimajoto cha kitambaa kivuke sifuri. Matawi ya mpichi yenye uma mwembamba huvunjika kwa uzito wa barafu, kwa hiyo mti usiopogolewa vizuri usiuvalishe vioo.

Kuna toleo la upole: kunyunyiza chini ya miti, ardhini tu. Nyuzi 1 hadi 2, maji pungufu, matawi salama, na pampu ikizimika hujaua kitu. Kwa mtu anayeanza na maji ninapendelea hilo.

Feni, na kufunika

Feni kubwa ya shambani husimama juu ya mnara wa kama mita 10 na kazi yake ni kulishusha lile dari la uvuguvugu. Moja huhudumia hekta 4 hadi 6 na kutoa nyuzi 1 hadi 3, pale tu dari linapokuwepo. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Shamba kubwa la Hass linaweza kuizungumzia, maana parachichi huanza kuumia karibu na hasi 1, na hapo nyuzi 2 zina thamani ya kontena zima. Mwenye ekari mbili za mapichi aipite kama gari la maonyesho. New Zealand hukodi hata helikopta kwa kazi hiyohiyo, alfajiri zinazunguka juu ya bustani. Nimeliandika hilo tupate kucheka kidogo.

Kufunika ni kwa miti michache na midogo. Kosa ninaloliona sana ni kufunga gunia shingoni mwa mti kama pipi ya kijiti. Joto linatoka ardhini, basi kitambaa kifike ardhini pande zote, kiachane na maua kwa vijiti vitatu vya kukishikilia. Nailoni tupu ni mbaya: inapitisha joto la usiku, na pale inapogusa ua, ua linaungua. Gunia, shuka kuukuu, au kitambaa chepesi cheupe cha bustani vinatoa nyuzi 1 hadi 3. Asubuhi vua, nyuki wapate njia. Miti 10 ni dakika ishirini za kazi. Miti 200 ni ndoto.

Kalenda

Hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwenzetu wa Ulaya hana uhuru wa tarehe. Mti wake unalala kwa baridi, unaamka kwa joto, yeye anangoja. Sisi tuko karibu na ikweta, siku zetu zina urefu unaokaribiana mwaka mzima, na mtofaa kwetu unasikiliza zaidi mkono wa mkulima. Huko Batu, Java Mashariki nchini Indonesia, wakulima wa matofaa hupukutisha majani yote kwa mkono baada ya kuvuna, na mti unachanua kama mwezi mmoja baadaye. Wanavuna mara mbili kwa mwaka. Hawakimbii baridi wao, lakini kanuni ni ileile: siku unayopukutisha na kupogoa ndiyo inayoamua siku ya maua.

Wengi wetu tunapogoa Juni kwa sababu Juni hakuna kazi nyingine. Mti ukipogolewa na kuachwa mtupu mapema Juni unakuwa na maua wazi Julai, palepale kwenye meno ya kipupwe. Mimi nilisogeza matofaa mpaka wiki ya mwisho ya Julai. Maua yakaja mwishoni mwa Agosti, usiku ukiwa umeshalegea. Gharama: sifuri. Nyuzi zilizoongezeka: hakuna, lakini sikuzihitaji.

Kuna mipaka, na ni ya haki kuitaja. Aina kama Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyopatikana Bahamas, ndizo zinazotufaa kwa sababu zinaridhika na baridi kidogo, na kwa sababu hiyohiyo ni nyepesi kuamka. Ukichelewesha mno, mti unajichanulia wenyewe bila kukuuliza, nusu maua nusu majani. Mavuno nayo yanasogea kuingia kwenye mvua zilizokolea, madoa ya ukungu yanaongezeka kwenye ngozi ya tunda. Na mpichi ni mkaidi. Kupogoa kwa kuchelewa kunausogeza siku kadhaa, hakuusogezi mwezi. Kwa mpichi kalenda pekee haitoshi, unarudi kwenye ardhi, moto na maji.

Na kwa mti wowote, chipukizi lililofunga lina ngozi ngumu kuliko ua. Chipukizi la tofaa linaloanza tu kupasuka hustahimili mpaka kama hasi 9 kabla ya kupoteza moja katika kumi, baridi ambayo maua yake hayataiona kamwe Njombe. Kila siku unayoliweka limefunga ni siku usiyohitaji debe wala pampu.

Kwa anayependa kuona yote kwa pamoja:

| Njia | Nyuzi inazokupa | Kinachoishinda |
|---|---|---|
| Ardhi tupu yenye unyevu | 1–2 | Matandazo unayoyataka kiangazi |
| Mioto midogo mingi | 2–3 (maranda pungufu) | Watu wa kukesha usiku tatu |
| Maji juu ya mti | 3–4 | Lita 12,000 kwa saa kwa ekari, bila kukatika |
| Maji chini ya mti | 1–2 | Bado pampu usiku |
| Feni ya mnara | 1–3 | Bei, na usiku usio na dari |
| Kitambaa hadi ardhini | 1–3 | Idadi ya miti |
| Kusogeza tarehe | Unaukwepa usiku wenyewe | Mpichi, na mvua za mavuno |
| Moshi | 0 | Macho yako |

Ningechagua nini

Kitu cha kwanza kununua ni kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini cha usiku. Kitundike kwenye mti ulio chini kabisa ya shamba, usawa wa kifua, mbali na ukuta na paa, uandike kila asubuhi Juni mpaka Septemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe na utabiri wa kila siku, nao ni wa kusikilizwa, lakini kituo cha mjini hakijui bonde lako. Msimu mmoja wa kuandika unakuambia unapungukiwa nyuzi ngapi. Anayeshuka hasi 1 mara mbili kwa mwaka na anayeshuka hasi 5 hawanunui kitu kimoja, hata wawe majirani.

Nyumbani una miti 10 au 15? Safisha ardhi, mwagilia, funika michanga, basi. Usijenge chochote.

Una ekari moja mpaka tatu za matofaa mteremkoni, na kipimajoto kinaishia hasi 2 au 3? Kalenda pamoja na ardhi tupu. Weka madebe ya maranda 60 au 70 yakiwa yamefunikwa yasilowe, kwa ajili ya sehemu ya chini ya shamba pekee. Hakuna ulazima wa kupasha shamba zima wakati baridi imekaa kona moja.

Ni mapichi, na yapo bondeni? Hapo ndipo maji yanastahili fedha yako, kwa sharti la mserereko wa kimo cha kutosha au pampu mbili. Huna hata kimoja kati ya hivyo, ningekata mipichi ya mistari ya chini, nikapanda kabichi au viazi vya msimu mwingine, na kuihamishia juu. Nilifanya hivyo kwa miti 18. Niliumia siku ya kuikata tu.

Na hata ukifanya yote, kuna usiku utakaokushinda. Asubuhi yake usikimbilie panga wala usimtupie mtu lawama. Subiri mpaka saa nne, barafu imeyeyuka, chukua wembe na ukate maua 50 kutoka matawi tofauti, ya chini na ya juu, uyapasue katikati. Kile kijiti cha katikati kikiwa kijani kibichi, ua liko hai hata kama petali zimekunjamana. Kikiwa cheusi au kahawia, limekufa hata kama petali zinang'aa. Hesabu. Kishada kimoja cha mtofaa huwa na maua matano au sita na unahitaji tunda moja tu kutoka humo. Mti uliochanua vizuri unaojaza tunda kutoka ua moja kati ya kila kumi umekupa mavuno kamili. Niliwahi kukuta maua 31 meusi kati ya 50, nikarudi nyumbani nikiwa nimekata tamaa, na Desemba nililazimika kuegemeza matawi kwa nguzo.